Barua kwa mwanangu: pesa, deni na ulimi

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Sisi hapa Tanga wazima, bibi yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma mchana, nikairudia tena baada ya magharibi. Unasema hospitali ile ya binafsi imekuita kwa mshahara mkubwa kuliko unaopata sasa hapo Dodoma, nawe unasita kwa kuogopa kwamba kutaka pesa kutakupunguzia dini. Umekaa kwenye darsa nyingi zinazoilaani dunia. Basi nisikilize na mimi, maana jambo hili nimelifikiria tangu hujazaliwa.

Naamini pesa ina uzito mkubwa kwa mja anayetaka kumcha Mola wake akiwa na moyo uliotulia. Na uzito wake nauona hasa kwenye ukweli wa maneno yetu.

Mtume wetu s.a.w. ndani ya swala yake alikuwa akimwomba Mungu amkinge na dhambi na deni. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume aliulizwa mbona anajikinga na deni mara nyingi hivyo. Akajibu kuwa mtu akidaiwa, akisema huongopa na akiahidi huvunja ahadi. Njaa hakuitaja, wala nguo chakavu. Alitaja uongo.

Nami nimeyaona hayo hapa Ngamiani kwa macho yangu. Unazijua hizo kausha damu, mikopo ya riba kali na marejesho ya kila wiki. Mama wa watu anachukua laki tatu akuze genge lake, na wiki inayofuata tu anatakiwa apeleke rejesho, hali nyanya alizonunua hazijarudisha hata mtaji. Siku ya kikundi ikifika hana kitu, anakopa kwa mwingine amlipe wa kwanza, na wenzake wa kikundi waliomdhamini wanaanza kumkunjia uso. Mwisho wanakuja kuchukua godoro, televisheni, mtungi wa gesi. Lakini kabla godoro halijatoka, kuna kilichotangulia kutoka. Mtoto mdogo anatumwa mlangoni aseme, "Mama hayupo," na mama yuko nyuma ya pazia amebana pumzi. Namfahamu mwanamke wa swala tano, mkweli tangu usichana wake, aliyefika hapo. Kupenda pesa hakukumfikisha. Kilichomfikisha ni kupungukiwa. Mtoto yule naye amejifunza kuongopa kwa kutumwa na mama yake mwenyewe. Jambo hili huniuma mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikuambia ufukara ni ngazi ya kumfikia Mungu, usimpinge kwa ukali, ila usimfuate. Mtume aliomba kinga dhidi ya ufukara pia.

Unakumbuka siku tuliyomzika baba yako. Kabla hajaswaliwa, sheikh alisimama akauliza kama yupo anayemdai marehemu. Mzee mmoja muuza mbao akainua mkono, akataja kiasi, na baba yako mdogo akasema palepale, "Deni hilo ni langu." Ulikuwa mdogo, labda hukuelewa kwa nini nililia zaidi wakati ule kuliko baadaye makaburini. Zama za Mtume ililetwa maiti, akauliza kama marehemu anadaiwa. Wakamwambia anadaiwa dinari tatu. Akasema, mswalieni mwenzenu. Akabaki hivyo mpaka Abu Qatada alipolichukua deni juu yake, ndipo akamswalia. Kwa dinari tatu tu, mwanangu. Sasa niambie vipi nitasema pesa haihusiki na roho.

Upande wa pili nao upo, na sitaki uufumbie macho. Karuni, tajiri wa zama za Nabii Musa, alipewa hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwalemea watu wenye nguvu, akadai kayapata yote kwa elimu yake. Ukiwa na akiba ya thamani ya gramu 85 za dhahabu, ukazungukiwa na mwaka wa mwandamo, utatakiwa utoe zaka, asilimia 2.5, kwa wanaostahiki. Hapo ndipo utakapojijua. Nimewaona wenye mali ambao huukimbia ukweli Ramadhani, zaka inapotakiwa: duka linakuwa "si langu peke yangu", na dhahabu za mke zinakuwa za kuazima. Ulimi ule ule wa yule mama wa nyuma ya pazia, na huyu hana hata dhiki ya kumtetea.

Ninayempenda katika habari hizi ni Imamu Abu Hanifa. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri katika mji wa Kufa, Iraki. Inasimuliwa kwamba alimpelekea mshirika wake mzigo wenye nguo iliyo na kasoro, akamwagiza amwonyeshe mnunuzi kasoro ile. Mshirika akasahau, akauza. Imamu alipojua, akaitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Na khalifa Mansuri alipomtaka awe kadhi, alikataa, akafungwa, akafariki Baghdad mwaka 767. Nami naamini mkono uliokula jasho lake ulimsaidia kusema hapana, maana anayelishwa na mtawala hukosa kauli mbele yake.

Kwa hiyo kazi ile ichukue. Qurani yenyewe inatuambia tusisahau fungu letu la dunia. Ila kabla hujasaini, waulize wauguzi waliopo wanaambiwa waandike nini kwenye fomu za wagonjwa. Wakikuambia ujaze kipimo ambacho mgonjwa hakupimwa ili bima ilipe, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama kodi ya nyumba haijalipwa; rudi kwangu, chumba chako kipo. Wakikuacha uandike kilichofanyika, kaa, fanya kazi kwa bidii, na mshahara ule uupokee kwa furaha bila kujilaumu.

Usikope kwa ajili ya harusi wala sare za shughuli. Ndugu wakikuomba, toa ulicho nacho na useme wazi usichokuwa nacho. Usiahidi "mwisho wa mwezi" ili tu simu ikatike.

Na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi bado inakudai mkopo wa ada ya chuo. Huko uliko wanakukata asilimia 15 ya mshahara. Ukihamia kwa mwajiri mpya, mwambie mwenyewe wiki ya kwanza kwamba una deni la Bodi, aendelee kukukata. Usingoje wakuulize. Mjomba wako naye hajamaliziwa zile alizokukopesha kwa ajili ya hosteli. Mlipe yeye kabla hujanitumia mimi chochote. Biashara yangu ya vitumbua inanitosha, na bei ya mchele mwezi huu imeshuka kidogo.

Mama yako