Kile chumba cha chini si stoo

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Huku sijambo, ila baridi imeanza kunishika magoti. Picha za dari nimezipata. Alhamdulillahi, boriti zile za mikoko bado zina nguvu, nami nilidhani mchwa wamekwisha kuzimaliza.

Uliponiuliza kwenye simu usiku wangu wa kasri ulikuwaje, nilikujibu "mzuri" nikabadili mazungumzo. Nilikuwa sijayapanga maneno. Leo nimekaa na kalamu na chai ya tangawizi nikwambie yote, kwa sababu niliyoyaona kule yanaihusu nyumba yetu ya Lamu, na hao wageni unaotaka kuwalaza ndani yake.

Unajua wenzangu wa wodi walichanga nilipostaafu. Nilitegemea saa ya ukutani. Kumbe wamenilipia usiku mmoja Culzean, pwani ya Ayrshire, orofa ya juu kabisa ya kasri. Usilisome kama lilivyoandikwa. Wenyewe husema "Kalein", maana ile z si z hata kidogo. Mahali pake palikuwa na herufi yao ya kale iliyokufa. Miaka 23 niko Uskoti, na bado nilimtajia dereva wa teksi mahali pasipokuwepo.

Kasri limekaa juu ya jabali, chini yake mapango na bahari. Sebule ya wageni ni ya duara, madirisha yanatazama maji moja kwa moja. Kisiwa cha Arran kiko mbele, na upande wa kushoto kuna mwamba mmoja, Ailsa Craig, umevimba baharini peke yake kama kitumbua kilichosahauliwa kwenye kikaango. Mawe yake ndiyo wanayochongea yale magurudumu ya mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Nyuma ya Arran ni rasi ya Kintyre, alikozaliwa William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuukodi mwambao wetu kwa Sultani wa Unguja. Nikawaza, kumbe huyu mtu alikulia huku, na mvua hii. Nikaongeza sukari kwenye chai.

Sasa sikiliza, maana wewe ni mfanyabiashara. Jumba hili lilikuwa la ukoo wa Kennedy, mabwana wakubwa wa sehemu hizo. Nyumba kama ile inakula pesa kuliko mwana mpotevu. Mwaka 1945 wakalikabidhi kwa National Trust for Scotland, shirika la kutunza majumba ya kale, kwa sharti kwamba orofa ya juu atengewe Jenerali Eisenhower maisha yake yote, kumshukuru kwa kuongoza majeshi ya Washirika Ulaya. Alikuja kulala mara 4, mara moja akiwa rais wa Marekani. Baada yake pakawa pa wageni wa kulipa. Ndiyo nikalala mimi, binti wa mvuvi wa Lamu, palipolala jenerali.

Kulala nako ni neno tu. Kitanda kilikuwa kipana na laini mno, na upepo ukipiga madirishani kama mtu anayebisha hodi. Alfajiri niliswali, kisha mikono ikanitangulia: nilitandika kitanda, nikakunja pembe za shuka kihospitali, nikafuta sinki, nikaning'iniza taulo. Msichana wa vyumba alipoingia alisimama akakitazama kitanda, akaniuliza kwa kucheka kama nimekuja kumnyang'anya kazi. Sikumwambia kwamba miaka 3 ya mwanzo hapa, kabla ya kusomea uuguzi, nilikuwa yeye. Vitanda 16 kwa zamu. Wewe pia hukuyajua hayo. Nilikuwa nikikuandikia kwamba nafanya kazi "ofisini".

Chamsha kinywa kilikuwa uji wa oti na samaki wa moshi. Samaki alinikumbusha ng'onda. Uji sina la kusema.

Baada ya hapo tukatembezwa chini. Ukutani wametundika bastola za kale kwa mamia, zimepangwa kama maua. Katikati ya nyumba kuna ngazi ya umbo la yai, kazi ya Robert Adam, aliyelijenga upya kasri kati ya 1777 na 1792. Ni nzuri, sitasema uongo, nilisimama chini yake shingo ikauma. Ukoo huo huo, kaskazini kidogo kwenye ngome ya Dunure, mwaka 1570 ulimbanika mtu motoni ili atie sahihi ya kutoa mashamba ya abasia, nyumba ya watawa. Wanalisimulia wazi. Hadithi ya miaka 450 haimwumi mtu.

Kisha mwongozaji akataja jina la Scipio Kennedy, na mimi ngazi nikaisahau.

Alikuwa mtoto wa Guinea. Alichukuliwa utumwani akiwa na miaka kama 5 au 6, akanunuliwa na nahodha mmoja, Andrew Douglas. Binti ya nahodha alipoolewa Culzean alikuja naye. Mtoto mweusi, na pwani ile, na baridi ile! Mwaka 1725 akaandikiwa karatasi ya uhuru, na papo hapo akafunga mkataba wa kuendelea kutumika miaka 19. Alioa mwanamke wa huko, wakazaa watoto, wakakaa palepale kwenye ardhi ya kasri. Alikufa mwaka 1774, miaka 3 kabla Adam hajaanza kazi. Ile ngazi niliyoishangaa mimi, yeye hakuiona.

Nilimwomba dereva anipitishe Kirkoswald, kijiji cha jirani. Jiwe lake lipo makaburini. Aliyelisimamisha ni mwanawe, akaandikisha kwamba ni ukumbusho wa baba yake, Scipio Kennedy, aliyefariki akiwa na miaka 80. Huyo mwana aliitwa Douglas, jina la nahodha yule. Nilimsomea Fatiha. Dini yake na Mungu wake; mimi nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa.

Rehema, kwenye mchoro wako wa nyumba, sabule umeiandika "chumba cha wageni", na sawa, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Chumba cha ndani umekiandika "chumba cha maharusi", haya. Kile chumba cha chini kisicho na dirisha, kando ya ngazi, umekiandika "stoo na jenereta".

Kile kilikuwa chumba cha Faida. Hujapata kulisikia jina hilo kwa sababu mimi sikulitaja, wala mama yangu hakulitaja mpaka alipokuwa kitandani mwa mwisho. Faida aliletwa Lamu kutoka Nyasa akiwa msichana mdogo. Serikali ilipofuta utumwa mwambao wetu, mwaka 1907, alikuwa amekwisha kuzaa na bwana wa nyumba mtoto mmoja wa kiume. Huyo mtoto, kwa sheria yetu, alikuwa huru na mrithi kama ndugu zake. Ndiye babu yangu. Mama yake hakupanda juu. Alibaki chini mpaka akafa, na ule ukuta uliochimbika karibu na mlango, aliuchimba yeye apate pa kuwekea taa.

Kwa hiyo tunaposema nyumba hii tuliirithi, tuliirithi kwake.

Wageni wako waoneshe zidaka za ukutani na plasta, na waambie ya mabwana pia. Maji ya moto usiwanyime. Pale Culzean nilioga mara mbili kwa raha tu. Lakini jenereta ipeleke nje, uani. Chumba kipakwe chokaa, kisiwekwe kitu. Fundi asiuzibe ule ukuta uliochimbika, hata akisema ni kasoro.

Pesa zake nitazituma tarehe 28. Mlango wa chumba kile usiguswe mpaka nije Rajabu, nina kazi nao.

Wasalaam,
Mamako