Dele Linalovuja: Kwa Nini Tundu la Sindano Lagharimu Elfu Tatu

"Tundu lenyewe kama ncha ya sindano, nanyi mwataka elfu tatu! Huu si wizi?" Hayo tuliambiwa Jumamosi sisi mafundi wa shaba na muuza kahawa mmoja hapa Mombasa, na si yeye wa kwanza. Dele lake, yaani birika lake la kahawa, ni la shaba nyekundu, alilirithi kwa babake, na lilikuwa likidondosha pale shina la mdomo linaposhikana na tumbo. Kabla ya kuja kwetu alilipeleka kwa fundi wa redio, likatiwa risasi, yale madini laini ya kuungia nyaya, kwa shilingi mia mbili. Ilishika siku nne.

Risasi ya fundi wa redio huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi. Maadamu kuna kahawa nyuma ya kiungo, shaba haipandi sana kupita nyuzi 100, kwa hiyo inashika. Lakini dele la biashara hukaa juu ya makaa kutwa. Kahawa ikishuka chini ya shina, au likisahauliwa likakauka, kiungo kinalainika na mdomo unaanza kucheza. Tena risasi hiyo ya kawaida ina madini ya risasi yenyewe, ambayo ni sumu, na mbaya zaidi kwa watoto na waja wazito. Kwenye chombo cha kinywaji sisi hatuitii, hata mteja akikasirika.

Na hapo ndipo pesa zinapokwenda. Kuziba tundu ni kazi ya dakika chache. Kuondoa risasi ya mwenzetu ndiko kunakotula asubuhi nzima. Ikibaki hata kidogo, shaba ikiiva moto, risasi inaila, na tundu moja linakuwa matano. Kwa hiyo tunakwaruza, tunapiga tupa, tunasugua mpaka shaba tupu ing'ae, ndani na nje. Kisha tunapaka boraksi, unga wa kusaidia fedha ishikane na shaba, na kupasha moto shingo yote mpaka iwe nyekundu iliyofifia. Waya wa fedha, unaotaka nyuzi zaidi ya 600, ukigusa hapo unayeyuka na kukimbia wenyewe kuzunguka kiungo, mstari mwembamba unaometa. Ukiuona umefunga duara, unajua kazi imekubali.

Bado hatujamaliza. Moto huo umeshaharibu bati la ndani, ule utando mweupe unaofunika shaba, maana bati huyeyuka kwa nyuzi 232. Lazima litiwe upya: nushadiri (chumvi ya kusafishia shaba), moto, bati, na pamba ya kulisambaza haraka kabla halijaganda. Hayo yote yamo ndani ya elfu tatu.

Gundi nayo! Mama mmoja alituletea birika la bibi yake, kiungo kimepakwa gundi ya epoksi nene kama ugali. Jikoni ikaungua, ikapasuka, kahawa ikanuka. Tulimtoza elfu nne, kwa sababu gundi ilikuwa imeingia ndani ya mshono wa kitako, katikati ya meno ya shaba ambayo mafundi wa zamani waliyapachanisha kwa mkono. Tuliichokoa jino kwa jino.

Mwingine aliapa kwamba lake halikuvuja hata siku moja mpaka alipolisugua kwa ndimu na msasa. Alisema kweli. Chokaa ya maji ya kisima ndiyo iliyokuwa imeziba ufa miaka yote. Tulijaza maji, tukapaka unga wa chaki nje, tukangoja. Baada ya muda chaki ikapiga weusi, mstari mfupi kama unywele, upande ambao yeye hakuushuku kabisa.

Kwa hiyo likianza kuvuja, lileteni vile vile lilivyo, bila gundi, bila risasi, bila kusugua. Kazi safi isiyoguswa na mtu ni elfu moja na mia nane pamoja na bati. Kama ni la pambo tu sebuleni, tunaziba kwa bati tupu, mia nane, na tunaandika kwenye risiti: lisiwekwe motoni.

Dele la Jumamosi limeshapona. Limejaa maji mezani tangu jana, na chaki bado ni nyeupe.