Mnatoa vinyago kwa darasa la saba, darasa la kwanza analitazama nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya vikao vya tathmini vinavyoitishwa huku wilayani kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, shule ya kijijini, na kikao cha safari hii nilihudhuria.

Shule za juu zilipewa vikombe na vyeti. Shule ya mwisho ikapewa kinyago. Sisemi kwa mafumbo: ni kinyago cha mti, midomo mikubwa, macho yamemtoka, kimepakwa rangi ya viatu kikang'aa. Mwalimu mkuu aliitwa mbele, akakipokea kwa mikono miwili huku ukumbi mzima ukicheka, akaagizwa akitundike ofisini mpaka shule nyingine itakapokuja kukichukua. Mwalimu huyo alihamishiwa pale mwezi Julai. Mtihani ulifanyika Septemba.

Nilitegemea mambo haya yamekwisha. Wasomaji watakumbuka kwamba Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana. Hoja nzuri kabisa. Lakini huku chini orodha bado zinapangwa, kuanzia shule ya kwanza mpaka inayoshika mkia, na zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mzazi hajajua mwanawe kapata nini. Shule ya mchepuo wa Kiingereza yenye watahiniwa kumi na kitu inawekwa mstari mmoja na yetu, yenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, wakati kiwango kinachotajwa na serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Lakini dhihaka ile siyo inayoniuma zaidi. Linaloniuma ni yale shule inayofanya ili ikwepe kinyago.

Ikifika Mei tunafungua kambi ya darasa la saba. Mzazi anatoa mahindi, maharage na hela ya mpishi. Mtoto anakuja na mkeka na shuka, analala darasani. Usiku wanasoma kwa taa ya sola. Sina ugomvi na kambi yenyewe, maana watoto wa mbali hupata angalau muda wa kusoma bila kutumwa kuni. Ugomvi wangu ni walimu wa kambi wanatoka wapi. Shule yetu ina mwalimu mmoja anayejua kweli kufundisha kusoma. Mtoto anayeingia Januari hajui hata a, ikifika Oktoba anakusomea sentensi. Mwalimu huyu mwaka jana alitolewa darasa la kwanza akapelekwa kambini kufundisha Kiswahili cha la saba, kwa sababu “matokeo ndiyo sura ya shule”. Darasa la kwanza akaachiwa kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne, tunayemlipa kwa michango ya wazazi pale michango inapopatikana. Isipopatikana haji, na watoto wanashinda uwanjani.

Na kambini walikuwa wanafundishwa nini? Niliingia jioni moja nikakuta nusu saa nzima ni ya kusiliba. Mwalimu anakagua penseli, anamwonyesha mtoto namna ya kujaza kiduara kisivuke mpaka, namna ya kufuta bila kuchafua karatasi. Ni lazima, mashine inayosahihisha haina huruma. Ila kwenye dawati la nyuma kulikuwa na binti anayesiliba vizuri kuliko wote, mwandiko wa penseli umetulia. Nilipomwomba anisomee swali alilolijibu, akaanza kuunganisha herufi kwa kidole. Huyo anaweza kufaulu. Alama za juu kabisa ni 300, na daraja C linaanzia 121. Majibu mengi ni ya kuchagua, na mwenye bahati haulizwi amejuaje.

Wala si jambo geni. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba kuna maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza huku hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo waliofaulu la saba walikuwa kama asilimia 31 tu. Ikaja 2013 mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kulingana na ufaulu, na asilimia ikaruka kufika 50 mwaka huo huo. Mwaka 2019 ilivuka 80 na tangu hapo imekuwa ikicheza hapo hapo. Sikatai kwamba kuna kazi imefanyika. Vitabu vimeongezeka, na mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, yamewafikia walimu wengi wa madarasa ya awali. Ila mwenye kutaka kujua asilimia hiyo ina uzito gani, na aende akae na walimu wa kidato cha kwanza mwezi Februari.

Ninachoomba si kikubwa. Upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa darasa la pili upo. Basi katika kikao cha tathmini, kabla orodha ya la saba haijasomwa, isomwe kwanza ya darasa la pili, shule kwa shule, na pembeni yake iandikwe shule ina walimu wangapi na watoto wangapi. Ukumbi ukishasikia hizo namba, tuone nani atacheka. Pili, itoke amri ya maandishi kwamba mwalimu wa darasa la kwanza na la pili haguswi kwa ajili ya kambi yoyote, ya la saba wala ya la nne, maana siku hizi hata la nne wanapigiwa kambi.

Halafu mwaka 2027 unakuja. Kwa mtaala mpya, watoto walioingia darasa la tatu 2024 watamalizia la sita, na watamaliza mwaka mmoja na wenzao wa la saba. Madarasa mawili ya mwisho kwa mpigo. Kama kambi ya darasa moja ilitunyang'anya mwalimu wetu, hiyo ya madarasa mawili itatuachia nani?

Kamati yetu imeandika kwenye muhtasari kwamba mwalimu wa darasa la kwanza hatoki darasani kwake mwaka huu, hata wastani wa la saba ukishuka. Mwalimu mkuu alisita, kisha akasaini. Nakala iko kwa ofisa elimu kata tangu wiki iliyopita, na majibu hatujapata.

Wako msomaji,
Mjumbe wa kamati ya shule,
Kanda ya Ziwa