Barua ya wazi kwa shangazi: mruhusu binti aende Gambia

Shangazi, shikamoo.

Mama ameniambia binti yako ameshapata barua ya kazi kutoka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, lakini wewe bado moyo umekuwa mzito. Nasikia umesema hako kanchi hata kwenye ramani hakaonekani, na mtoto aliyesoma sheria kwa jasho lako ataenda kujifunza nini huko. Nimeona nikuandikie wazi, maana najua wazazi wenye wasiwasi kama wako ni wengi, na Gambia ni nchi ambayo nimeifuatilia kwa mapenzi miaka mingi.

Udogo wake ni wa kweli. Hakuna nchi ndogo kuliko hiyo Afrika bara. Ina kilomita za mraba 11,300 hivi, kwa hiyo hata mkoa wa Kilimanjaro unaizidi. Imelala kama ulimi ndani ya Senegali, mto Gambia ukipita katikati, na upana wake haufiki hata kilomita 50. Ila udogo huo haukutoka kwa Wagambia wenyewe. Mwaka 1889 Waingereza na Wafaransa walikaa Paris wakapiga mistari: Mwingereza akabaki na mto na kingo zake, Mfaransa akachukua kila kilichouzunguka. Wamandinka, Wawolof, Wafula na Wajola wakajikuta ndugu wa tumbo moja wana serikali mbili, mmoja anafundishwa Kiingereza, mwingine Kifaransa.

Waliugombania mto huo kwa sababu meli za baharini zinaweza kuupanda hadi mbali bara. Wareno walifika katikati ya karne ya 15. Mwaka 1651 watu wa Courland, utawala mdogo uliokuwa katika Latvia ya leo, walijenga ngome kwenye kisiwa kilicho ndani ya mto, na miaka kumi baadaye Waingereza wakaichukua. Watu walisafirishwa utumwani kupitia hapo kwa vizazi na vizazi. Tangu 2011 kinaitwa Kisiwa cha Kunta Kinteh, na UNESCO imekiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwambie binti asichelewe kwenda kukiona, maana maji yanazidi kukimega.

Banjul yenyewe ilianza 1816 kwa jina la Bathurst. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ikaweka mizinga mdomoni mwa mto kuzuia meli za watumwa. Baadaye koloni likaendeshwa kwa karanga: mkulima analima, kampuni za wageni zinapanga bei. Mwaka 1929 Edward Francis Small, mzalendo wa hapohapo, aliongoza wafanyakazi wa Bathurst kwenye mgomo mkubwa. Uhuru ulikuja tarehe 18 Februari 1965 chini ya Dawda Jawara, daktari wa mifugo, kazi ambayo wewe mwenye ng'ombe unajua thamani yake. Jawara alinusurika jaribio la mapinduzi la 1981 kwa msaada wa majeshi ya Senegali, na nchi hizo mbili zikaunda shirikisho, Senegambia, lililodumu kuanzia 1982 hadi 1989 likavunjika. Sisi wenye Muungano wetu tungefaa kuisoma sana habari hiyo.

Sasa nije kwenye kinachokutisha. Ndiyo, kulikuwa na udikteta. Yahya Jammeh, luteni wa miaka 29, alipindua serikali Julai 1994 akakaa miaka 22. Wanafunzi walioandamana Aprili 2000 walipigwa risasi. Mwandishi wa habari Deyda Hydara aliuawa ndani ya gari lake usiku wa Desemba 2004. Mwaka 2007 Jammeh alijitangaza kuwa anatibu UKIMWI kwa mitishamba, na wagonjwa wakaachishwa dawa zao. Watu walijifunza kunyamaza hata mezani kwao.

Lakini angalia walivyomtoa. Gambia hawapigi kura kwa karatasi, shangazi. Tangu enzi za ukoloni, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, wanatumia gololi. Ukiingia ndani ya kibanda cha kupigia kura unakuta mapipa ya chuma yamepakwa rangi, kila mgombea na pipa lake lenye picha. Umepewa gololi moja tu. Unaidumbukiza kwenye mrija juu ya pipa, inagonga kengele iliyo ndani, na maofisa walioko nje wanaisikia: ngli! Ikilia mara mbili, wanajua kuna anayeiba. Jioni mapipa yanafunguliwa palepale kituoni, gololi zinapangwa kwenye trei zenye matundu, mawakala wote wakitazama. Tarehe 1 Desemba 2016, kwa gololi hizo, Adama Barrow akamshinda mtu aliyejigamba kuwa angetawala miaka bilioni moja Mungu akipenda.

Jammeh alikubali kushindwa, na baada ya wiki moja akageuka. Watu wakavaa fulana zilizoandikwa kwamba Gambia imeshaamua, wengine wakikamatwa kwa ajili hiyo. Barrow akaapishwa ndani ya ubalozi wa nchi yake Dakar tarehe 19 Januari 2017, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, na siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege kwenda uhamishoni Guinea ya Ikweta. Kisha wakaunda tume ya ukweli. Kuanzia 2019 karibu mashahidi 400 walizungumza, na nchi nzima ikafuatilia kwenye redio na televisheni. Askari walikaa kwenye kiti wakaeleza kwa midomo yao jinsi walivyomuua Hydara. Nilitazama baadhi ya vikao hivyo, na kwa mwanasheria kijana sijui darasa la kulizidi hilo.

Tena Arusha yako ina mkono humo. Unaikumbuka Mahakama ya Rwanda, ile ya kesi za mauaji ya kimbari, pale AICC, kwenye jengo la mikutano la kimataifa, na wale wanasheria wa Afrika Magharibi. Mwendesha mashtaka mkuu kuanzia 2003, Hassan Jallow, ni Mgambia, na baadaye akawa Jaji Mkuu kwao. Mgambia mwenzake Fatou Bensouda, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambaye Wakenya wanamjua vizuri kwa kesi za The Hague, naye alipitia hapo. Na Abubacarr Tambadou alifanya kazi kwenye mahakama hiyohiyo kabla ya kuwa Waziri wa Sheria wa Gambia. Mwaka 2018 alitembelea kambi za wakimbizi wa Rohingya, Waislamu waliokimbia Myanmar, kule Bangladesh, akasikia masimulizi yaliyomrudishia Rwanda. Novemba 2019 Gambia ikaishtaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Nchi isiyo na mpaka nayo wala deni nayo! Januari 2020 majaji wote kwa kauli moja wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya. Na askari wa Gambia walikuwa wamepigana mwaka 1944 kwenye misitu ya Arakan, ambayo ndiyo Rakhine ya Warohingya, wakati babu zetu wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, nao wakipigana Burma hiyohiyo, ambayo ndiyo Myanmar ya leo.

Umaskini upo, sikufichi. Vijana wengi wamepotelea jangwani na baharini wakiitafuta Ulaya. Ukeketaji pia upo, kama ulivyo mkoani kwetu. Ila jaribio la kufuta sheria ya 2015 inayoukataza lilikwama bungeni Julai 2024, baada ya wanawake waliokeketwa kusimama na kusema. Binti yako ataikuta mijadala hiyo ikiendelea, na ndiyo kazi aliyosomea. Mkataba atakaoufanyia kazi, yaani Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na Mahakama ya Afrika inayousimamia pamoja na Tume iko mjini kwako.

Kuhusu kanisa usihofu. Waislamu ni zaidi ya asilimia 90, lakini Wakristo wanasali bila shida, na Krismasi ni sikukuu ya taifa kama Idi. Chakula atakizoea haraka: domoda ni wali na mchuzi mzito wa karanga, na jioni wanakaa nje na ataya, chai ya kijani inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu, raundi tatu, ya kwanza chungu na ya mwisho tamu.

Nitakupigia Jumapili ukitoka ibadani. Nauli ya kumsindikiza hadi uwanja wa ndege ni juu yangu.

Mwanao anayekupenda.