Barua kwa Zuhura: filamu za Sharmila Tagore za kumletea Mama

Mombasa

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mama yako hajambo. Juzi nilipita kumwamkia, akaniambia umemwahidi filamu za Sharmila Tagore, yule mwigizaji wa Kihindi, utakapokuja likizo, zilizo safi, maana amechoka kuziangalia kwenye simu zikiwa zimekatwakatwa. Nawe ukaniandikia kuniuliza ununue zipi.

Najua unangoja nikutajie Aradhana. Hiyo Mama anaijua kuliko mimi na wewe; kizazi chake kilienda sinema ya Naaz kuangalia filamu za Kihindi, na hata asiyejua lugha aliziimba nyimbo zake kwa moyo. Ambaye huenda hakupata kumwona ni Sharmila wa Kolkata, yule wa filamu za Kibengali za mwongozaji Satyajit Ray. Kwangu mimi huyo ndiye Sharmila mwenyewe, na bahati njema ndiye aliyetunzwa vizuri zaidi kwenye diski.

Anza na Apur Sansar ya mwaka 1959. Alikuwa na miaka 14 ilipotoka, na ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza. Yeye ni Aparna, binti wa kijijini ambaye siku ya harusi yake bwana harusi anafika hana akili timamu. Apu, kijana aliyekuja kama mgeni tu, anaombwa amwoe ili saa njema isipite na binti akabaki na nuksi maisha yake yote. Anampeleka Kolkata, kwenye chumba chake cha juu kando ya reli. Mtazame pale dirishani, Zuhura. Pazia lina tundu, na kupitia tundu lile unaliona jicho lake. Analia, kisha anamwona chini mama mmoja na mtoto wake mdogo, na machozi yanakatika. Hasemi neno. Baadaye Apu anafungua pakiti yake ya sigara na kukuta kikaratasi ambamo mkewe anamsihi avute moja tu baada ya kula. Haonekani muda mrefu. Anarudi kwao kujifungua, na habari ya kifo chake inamfikia Apu kwa kinywa cha shemeji yake. Lakini sehemu yote inayobaki ni Apu kumwomboleza yeye.

Nunua sanduku la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwenye diski, lililotoka mwaka 2015, lenye filamu zote tatu za Ray kuhusu Apu; Apur Sansar ndiyo ya tatu. Mwaka 1993 moto uliwaka katika maabara ya Henderson's huko London, na negativu za filamu hizo, yaani mikanda ya asili iliyopigiwa picha, zikaungua. Mabaki yalihifadhiwa na hifadhi ya filamu ya Academy, wale watoao tuzo za Oscar kule Marekani, na miaka ishirini baadaye mafundi wa maabara ya L'Immagine Ritrovata mjini Bologna, Italia, wakaanza kuyafufua. Mikanda ilikuwa imekauka na kujikunja. Ikabidi ilowekwe ilainike, na matundu yake ya pembeni yatengenezwe upya kwa mkono. Negativu za filamu mbili za kwanza zikaokoka kwa sehemu. Negativu ya Apur Sansar ikashindikana kabisa, ikabidi watumie nakala bora zilizokuwa zimetunzwa kwingine. Kwa hiyo uso ule wa Aparna tunaouona leo umetoka kwenye nakala, na bado unang'aa hivyo! Kila nikiuangalia namshukuru mtu nisiyemjua aliyeona nakala ile inafaa kutunzwa. Ndani ya sanduku kuna pia mahojiano na Sharmila mwenyewe akiwa mtu mzima.

Ya pili ni Devi, ya mwaka 1960, ambayo Criterion waliitoa mwaka 2021 baada ya kurekebishwa upya kwa 4K, yaani kwa picha kali sana. Hapa ni Doyamoyee, mke kijana wa karne ya kumi na tisa. Baba mkwe, mcha Mungu na tajiri, anaota kwamba mkaza mwanawe ni Kali, mungu wa kike wa Kihindu, aliyeshuka duniani. Asubuhi anamsujudia. Siku chache baadaye watu wanapanga foleni na wagonjwa wao. Mume yuko Kolkata masomoni. Sharmila amekalishwa tu kwenye madhabahu, maua shingoni, kichwa kimeinama kwa uchovu na moshi wa ubani. Angalia jinsi anavyoanza kutoijua nafsi yake mwenyewe: mume anaporudi na kutaka kumtorosha, yeye anasita, anamuuliza je, kama ni kweli? Sijaona mwigizaji wa umri ule aliyebeba jambo zito namna hiyo. Kama pesa zinatosha diski moja tu, iwe hii.

Nayak ya mwaka 1966 nayo iko Criterion. Humo ni mhariri wa jarida la wanawake, kavaa miwani, anamhoji nyota wa sinema ndani ya treni. Nzuri, lakini ni filamu ya Uttam Kumar, anayeigiza nyota huyo, zaidi kuliko yake.

Sasa filamu za Kihindi, za Bombay. Kashmir Ki Kali ya 1964 ilimfanya nyota wa Kihindi, kisha Aradhana ya 1969 ikampa tuzo ya Filmfare. Unaukumbuka wimbo wa treni, mwigizaji mwenzake Rajesh Khanna yuko kwenye gari la jeep barabarani na Sharmila dirishani anasoma kitabu? Hawakuwa pamoja. Sharmila alikuwa amebanwa na Ray kwa ajili ya filamu yake Aranyer Din Ratri, hivyo sehemu yake ikapigwa baadaye studio. Aranyer Din Ratri yenyewe, ambamo tena anaitwa Aparna, ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 2025 ikiwa imerekebishwa. Ukiona diski iliyotokana na kazi hiyo, ichukue.

Diski za filamu zake za Kihindi zinanitia uchungu. Nyingi nilizopata zina rangi zilizopauka, nembo ya kampuni imegandishwa pembeni ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, na nyingine zimepunguzwa nyimbo. Kabla ya kulipa, linganisha muda ulioandikwa kwenye jalada na urefu halisi wa filamu. Hata hivyo usiiache Mausam ya mwongozaji Gulzar, ya mwaka 1975, hata ukipata DVD ya kawaida. Anacheza mama na binti, na binti ni kahaba mwenye matusi na kicheko kikali. Ndiyo iliyompa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Jambo la mwisho, na usilisahau: diski za Blu-ray za Criterion unazozikuta huko Toronto ni za eneo A, na mashine za huku husoma diski za eneo B tu, maana dunia imegawanywa kwa maeneo ya diski. Hazitacheza. Njoo na mashine inayosoma maeneo yote, la sivyo Mama atabaki kuangalia majalada. Tafsiri ni ya Kiingereza, lakini hilo lisikutie wasiwasi. Nitakaa naye nimsomee kwa Kiswahili.

Nijulishe tarehe ya safari.

Wako akupendaye,
Mwanaisha