Barua kwa Kaka Hamadi kuhusu ile picha ya popo

London, 5 Septemba 2011

Kwa kaka yangu mpendwa Hamadi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mola, na tunataraji nanyi nyote hapo Wete mu wazima pamoja na Mama, ambaye nakuomba umsomee barua hii taratibu na kumrukia zile sehemu utakazoona mwenyewe kuwa hazimfai.

Ujumbe wako wa simu niliupata Idi tatu, nikiwa ndio kwanza nimevua viatu baada ya zamu ya usiku. Uliandika maneno saba tu: "Fedha za mabati hakuna, za popo zipo." Nimeyasoma mara nyingi, Kaka, na kila nikiyasoma naona afadhali ungenipigia ukanigombeza kwa sauti, kama ulivyokuwa ukinigombeza zamani nikirudi pwani usiku. Naambiwa kuwa Rashidi aliiona picha ya mwanangu Salum kwenye Facebook, amevaa kinyago cheusi chenye masikio mawili na joho linaloburura chini, akaichapisha dukani Chake na kuipeleka nyumbani, na kwamba Mama alipoiona alisoma Ayatul Kursi na Dada Mize akasema sisi wa Ulaya sasa tunawavisha watoto mavazi ya majini. Basi leo nakaa kitako nikueleze popo huyo ni nani na tulikwenda kufanya nini kwake, kisha ndipo tuzungumze mabati.

Batman si jini, wala hana mbawa. Ni mtu wa katuni, tajiri aliyefiwa na wazazi wake wote wawili kwa risasi alipokuwa mtoto, akakua akavaa joho jeusi ili awatishe wahalifu usiku. Watu wawili wa New York, Bob Kane na Bill Finger, walimtunga mwaka 1939, na tangu hapo hajapumzika. Mwaka huu Waingereza wamemfanyia mchezo wa jukwaani, unaoitwa Batman Live, ulioanza Manchester mwezi wa Julai na kufika London mwishoni mwa Agosti, ukachezwa katika ukumbi wa O2 kule North Greenwich, chini ya lile kuba kubwa jeupe lililojengwa kwa ajili ya kusherehekea mwaka 2000, ambalo likijaa huingia watu wapatao 20,000. Nakutajia hesabu hiyo ili ujue kuwa hatukujificha kichochoroni.

Na kwa nini siku za sikukuu? Wewe unajua sikukuu ya mtoto ni nini. Sisi tulikuwa tukishikwa mkono hadi Tibirinzi, shilingi imekunjwa ndani ya kitambaa, tunanunua ubuyu na kupanda pembea mpaka miguu inauma. Huku mtoto akitoka kusali Idi anarudi nyumbani kukaa mbele ya televisheni, na baba yake ameshatazama saa ili asichelewe kazini. Salum aliniuliza mwaka jana, "Baba, sikukuu yenyewe inaanza saa ngapi?" Sikuwa na jawabu. Mwaka huu nikasema Idi pili tutatoka, na bei ya tiketi sitakutajia, ila jua kwamba nilizifanyia kazi usiku sita za ziada na hapana hata senti iliyotoka katika fungu la nyumbani.

Mama Salum hakutaka twende, kwa sababu ya zile fujo mlizoziona kwenye televisheni, zilizoanza Tottenham tarehe 6 Agosti zikafika hadi Woolwich, ambako si mbali na ukumbi huo. Hata hivyo tulipanda treni kutoka West Ham, na kabla ya kufika North Greenwich behewa lilikuwa limejaa Batman wa kila kimo. Wengine walikuwa watoto wa miaka minne, wengine wanaume wenye vitambi wenye umri wangu na wako, na hakuna aliyeona haya. Foleni ilikuwa ndefu, na mzee mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti, "Huyu Batman alikuwa wapi Tottenham ilipokuwa inaungua?" Mwanamke aliyekuwa mbele akamjibu kuwa Batman halipwi na halmashauri ya London. Watu walicheka, na nikaona kuwa wamecheka kama watu waliokuwa na haja ya kucheka tangu wiki tatu.

Sasa sikiliza jambo lililotokea katika foleni hiyo, na hapa ndipo unapoweza kumruka Mama. Salum, ambaye kila hadithi uliyomsimulia tulipokuja kumwona Mama mwaka ule anaikumbuka, akamwambia mtoto wa Kizungu aliyesimama karibu yetu kwamba kwao baba yake yuko popo wa kweli. Baba wa mtoto huyo, mtu mkubwa aliyevaa vazi zima la Batman na ameshika kofia yake kwapani kama askari, akanigeukia akitaka habari. Basi nikamweleza Popobawa, yule shetani wa kwetu aliyesemwa kuwavamia watu usiku. Nikamweleza mwaka 1995, jinsi Pemba nzima ilivyolala nje, wanaume kwa wanawake tumezunguka moto, na jinsi wewe Kaka ulivyotuwekea zamu na panga mkononi huku unatetemeka kuliko sisi tunaolindwa. Mambo ambayo Popobawa alisemwa kuwa anawafanyia watu sikuyataja, palikuwa na watoto. Nilipomaliza kulikuwa na watu kama kumi na tano wametuzunguka, na foleni imesogea bila wao kujua. Miaka tisa nimo katika nchi hii, nimesimamishwa na watu wengi kuulizwa vyeti na karatasi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa nilichokijua. Waandikie na wakina Time huko nyumbani habari hiyo, maana wao husema nimekuja huku nikawa bubu.

Yule mtu naye akanilipa kwa hadithi yake. Alisema kwamba Batman ana kijana anayemsaidia, aitwaye Robin, na kwamba Robin wa pili, Jason Todd, hakupendwa na wasomaji. Basi mwaka 1988 wachapishaji wakatoa namba mbili za simu katika gazeti la katuni: anayetaka kijana afe apige hii, anayetaka apone apige ile. Waliopiga kutaka afe walikuwa 5,343 na waliotaka apone 5,271, na kijana akauawa kwa tofauti ya kura 72. Yeye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa skuli hapa Uingereza, namba zilikuwa za Marekani, hakuweza kupiga, na mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto, bado ana uchungu wa kura ambayo hakuipiga.

Kaka, mimi sikuweza kumcheka. Mwezi wa Shaaban mlipoamua kuikodisha mikarafuu ya marehemu Baba pale Mtambwe, mlipigiana simu, wanne wakasema ndiyo na wawili wakasema hapana, kisha ndipo nikapigiwa mimi kuambiwa matokeo. Sisemi kuwa kura yangu ingebadilisha neno, kwani hesabu naijua. Nasema simu yangu ilikuwa wazi. Mtu ambaye namba yake mnaijua kila bati linapovuja, basi namba hiyo hiyo ingefaa na siku ya kugawa shamba. Nimelisema na nimelimaliza.

Mchezo wenyewe ni hadithi ya Robin wa kwanza, Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi wanaoruka hewani kwenye bembea. Nyuma ya jukwaa kuna skrini kubwa yenye umbo la popo aliyetandaza mbawa, na kila sehemu ikiisha skrini hiyo inafunuka kama kurasa za katuni, kisha sehemu nyingine inaanza. Ile sarakasi ya mwanzo nakwambia kweli ilinitoa machozi kwa uzuri. Watu wanaruka, wanadakana, ukumbi mzima unavuta pumzi pamoja, kisha kamba inakatika kwa hila ya mwovu mmoja na baba na mama wa kijana wanaanguka. Maelfu ya watu walinyamaza kwa mara moja, hata wale waliokuwa wanakula bisi. Katika kimya hicho mwanangu Zuhura akauliza kwa sauti yake ya kengele, kwa Kiswahili, "Sasa mtoto atakaa na nani?" Safu tatu ziligeuka kututazama bila kujua alichosema. Salum akamjibu kuwa atachukuliwa na Batman, kisha akaniinamia akaniuliza mimi, babu alipofariki, nilikaa na nani. Nikamwambia, na Ami yako Hamadi. Hakuuliza zaidi, alirudi kutazama.

Baada ya hapo waovu walikuja kwa zamu, na hapo nikajifunza kuwa mashabiki si watu wa aina moja. Waingereza wana michezo ya kuigiza wakati wa Krismasi ambayo watoto huruhusiwa, tena hutakiwa, kumzomea mwovu kila anapotokea. Basi Joker alipoingia, familia zote zikamzomea kwa raha zao, na yeye akawazomea wao. Lakini katika safu iliyokuwa mbele yetu walikaa vijana wanne waliovaa fulana nyeusi, wale wanaojua kila toleo na kila mwaka, nao kila watu walipozomea walikuwa wanakunja uso kama maulamaa walioletewa zumari msikitini. Wao walimtaka Joker wa ile filamu ya 2008, aliyeigizwa na marehemu Heath Ledger, ambaye hazomewi bali huogopwa. Wakati wa mapumziko nilisikia wakilalamika kuwa Batman anasema maneno machache na ya kitoto, na kuwa ngumi zinapita shubiri nzima kando ya shavu. Kwa ngumi nawaunga mkono. Sisi tulikaa pembeni, na kwa upande ule uliona wazi hewa iliyo katikati ya mkono na taya, na hata nyaya zinazowabeba. Watoto wa Konde wakipigana kwa makuti wanapigana kwa ukweli zaidi. Lakini kwa Joker nawapinga, kwani Zuhura ana miaka sita, na mwovu wa kuzomewa ndiye mwovu anayeweza kulala naye nyumba moja baadaye.

Kisha likaja gari. Ewe Kaka, laiti ungekuwapo! Gari la Batman lilitokeza jukwaani, refu, jeusi, limelala chini kama papa, na niliotazamia kuwa ni watoto watakaosimama hawakusimama. Walisimama baba zao. Wale maulamaa wanne wa mbele yetu walisahau malalamiko yote wakapiga miluzi. Mimi nami nilisimama, sikatai. Lilichorwa na Gordon Murray, bingwa aliyechora lile gari la kasi McLaren F1, naye ni mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, nikamwambia yule mtu wa foleni tulipokutana mapumzikoni kwamba basi na sisi tumo. Akasema haya, mmo.

Kelele za wakati ule zilinikumbusha mchezo wa ng'ombe kule Chwale, namna watu wanavyokimbia mbele kumwona fahali na kurudi nyuma kwa kishindo akigeuka, wanawake wanaimba, na kila mtu anajua nani jasiri wa kweli na nani anayejitia. Tofauti ni kuwa huku kila mtu ana kiti chenye namba na hakuna anayekimbia. Walipoanza kupiga makofi ya mwisho, mimi nilikuwa nipo Chwale, nimekaa begani kwako, na vumbi lile nikalisikia puani. Mama Salum aliniuliza nina nini, nikamwambia moshi wa jukwaani.

Sasa mabati. Nimemkabidhi Shemeji Khalfani, atakayesafiri tarehe 18, fedha za mabati 30 ya geji 30 pamoja na misumari yake, naye atakupa mkononi mwako na si mkononi mwa mtu mwingine, na Dada Mize asikasirike kwa neno hilo kwani anajua sababu. Fundi usimpe zote kwa pamoja. Upande wa kusini, juu ya chumba cha Mama, ndio uanze, na ukishaezekwa nitumie picha, maana naona picha kwenu zinafika haraka kuliko barua.

Katika mzigo huo huo kuna kinyago alichovaa Salum siku ile. Amekitoa mwenyewe, bila kuambiwa, kwa ajili ya Rashidi, na ameandika jina lake ndani kwa kalamu ili isije ikasemwa kimenunuliwa. Mwambie Rashidi asikivae baada ya magharibi, na akipita ukumbini kwa Mama akivue kwanza.

Wasalaam,

Mdogo wako,
Saidi