Shukrani kwa dada wa duka la dawa, Chake Chake

Jamani huyu dada hata jina sikumuuliza. Bimkubwa wangu katoka hospitali na mfuko wa dawa, macho hayaoni vizuri, maelezo tulopewa ya mbiombio tu. Nikapita dukani kununua panadol, dada akanambia hebu kaniletee na zile za zamani za nyumbani, nikazifata, akazimwaga zote mezani, kumbe vidonge vya presha boksi mbili majina tofauti ndani dawa ile ile, amlodipini! Akampigia daktari palepale, moja ikaondoshwa. Kisha akachora jua kwenye boksi za asubuhi, mwezi za usiku, na panadol hakuniuzia maana mfukoni imo (nshatoa pesa mie). Jana kapiga simu kuuliza, dawa hiyo haijamvimbisha mama miguu? Haijavimba, alhamdulillah. Wenye wazee, chukueni dawa zote mkaoneshe.